Nsia wa Dawati la Nyuma

“Nani alikutuma umfundishe?” Subilaga, mkufunzi mkuu, aliuliza kwa mara ya pili, na safari hii alipiga meza kwa kiganja.

“Lisikilize hilo swali lako, madam,” Mwalimu Zabroni alijibu. “Mimi ni mwalimu. Hiki ni chuo cha ualimu. Yule ni mtoto. Halafu unaniuliza nani kanituma?”

“Yule si mtoto.”

“Ni nini, basi?”

“Ni kipimo. Kama mizani ya sokoni. Wewe umechukua mizani ya watu, umeifungua, umeichezea ndani, na sasa unataka nikupigie makofi.”

Zabroni nusura asonye, akajizuia. Alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kumtoka juu ya masikio. Alikuwa ametoka Kalambo, wilaya yake imemleta huku Tukuyu pamoja na wenzake kujifunza kufundishia kwa mitambo. Katika kundi lake hakuna aliyekuwa akifanya vibaya kama yeye. Hakujua kushusha sauti. Hakujua kutabasamu alipotakiwa kutabasamu. Mtoto akikosea, yeye husema “siyo hivyo, rudia,” na mtambo humkata alama kabla hajafunga mdomo.

“Vaa miwani, madam,” alisema. “Msikilize kwanza, halafu ndio ugombe. Nitakuwa hapa hapa, sikimbii.”

Subilaga alivaa kwa hasira, mguu mmoja wa miwani ukamchoma sikioni. Kwa kawaida ukishavaa, madawati matupu ya Darasa la Mwanga hujaa watoto: sare zilizopauka, magoti yenye vumbi, kukohoa, kuchekana, mmoja anamvuta mwenzake sweta. Ukimgusa mtoto mkono unapita hewani, lakini ukimsemesha anakujibu, na ukimkaripia analia. Leo darasa lilikuwa tupu. Alikuwepo mmoja tu, dawati la nyuma karibu na dirisha, sweta la kijani limefumuka kiwiko. Nsia.

“Wengine wako wapi?”

“Nje. Wanafagia.”

“Wanafagia tangu lini?”

“Jumatatu,” Zabroni alisema, bila haya yoyote.

Ilikuwa Ijumaa. Subilaga akatega sikio. Kweli, nje ya dirisha ambalo halikuwepo, mafagio yalikuwa yakikwaruza uwanja ambao haukuwepo, na watoto wakicheka.

Hapo ndipo alipojua mtu huyu amefanya nini, na moyoni hakujua acheke au amfukuze. Mambo yote ya Darasa la Mwanga yalizunguka kengele. Mwalimu mwanafunzi anaingia, anafundisha, anapiga kengele. Kengele ikilia, watoto wote wanarudishwa walivyokuwa asubuhi, kwa kufuata nakala mama iliyohifadhiwa kwenye kabati la mitambo, ili mwalimu anayefuata akute darasa lile lile na apimwe kwa haki. Waliolitengeneza walifikiria kila kitu. Walifikiria mtoto wa kudeka, mtoto mwongo, mtoto anayewafinya wenzake chini ya dawati. Kitu kimoja hakikuwapitia akilini: kwamba atatokea mwalimu asiyetaka kupiga kengele. Walidhani kipindi kikiisha, mwalimu ndiye huiwahi kengele kuliko hata watoto.

Zabroni alikuwa amefanya tu anavyofanya kwao. Waliojua aliwaambia watoke wakafagie. Asiyejua alimwambia, “Wewe baki.” Na kwa kuwa zamu ya wiki hiyo ilikuwa yake peke yake na kengele haikulia, kwa mtambo kile kilikuwa bado kipindi kimoja, kinaendelea tangu Jumatatu.

“Nsia,” Zabroni aliita, kwa sauti ile ile ya kukatwa alama. “Simama umsomee madam.”

Mtoto alisimama. “Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba,” Subilaga akaitikia, kabla hajakumbuka kwamba anaiitikia mizani.

Zabroni alifungua kitabu juu ya dawati, akapitisha kidole ukurasani, akakisimamisha katikati, si mwanzo wala mwisho. “Hapa.”

Midomo ya Nsia ilitikisika. Akainamisha kichwa karibu na karatasi. “Mo... moshi. Moshi u-me... umejaa. Moshi umejaa jikoni.” Akanyanyua uso. “Mwalimu, hawa wana jiko baya.”

Miaka yote aliyokaa chuoni pale, Subilaga hakuwahi kumsikia Nsia akifika mwisho wa sentensi. Siku zote ilikuwa ba be bi bo bu, kwa kuimba, halafu macho yanashuka chini na kimya kinaanza. Mtambo ulikuwa ukikisubiri kimya hicho. Ndicho kilichomuuliza mwalimu: sasa utafanyaje? Utamfokea? Utampiga? Au utatabasamu?

“Umefanyaje?” likamtoka Subilaga.

“Alikuwa haangalii herufi, madam. Alikuwa anaimba. Nilimwambia aanzie ‘bo’, akashindwa. Ilibidi aanze ‘ba’ kimoyomoyo, ashuke nayo mpaka afike. Basi nikamnyima wimbo. Kila siku nachanganya, namwanzisha katikati, akianza kuimba nagonga dawati. Alilia Jumanne. Jumatano akanikasirikia, hakunisemesha kabisa. Jana akaona.”

“Mwalimu,” Nsia alisema, “niwaite wenzangu? Wamechoka kufagia.”

Subilaga alivua miwani kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Aligeuka ukutani, kilipo kitufe cha kengele. Zabroni alikuwa amekwisha kusimama mbele yake.

“Pisha, mwalimu.”

“Ukibonyeza, kesho yuko ba be bi.”

“Ndivyo alivyoundwa.”

“Sawa. Lakini vaa tena hiyo miwani umwambie mwenyewe. Mwambie, Nsia, umejua kusoma, kwa hiyo nakufuta. Ukimaliza kumwambia, napisha.”

Subilaga hakuvaa. Alijiambia ni kwa sababu jambo kama hili ni lazima lifike kwanza kwa mratibu. Ulikuwa utaratibu tu. Hakukuwa na sababu nyingine.

*

“Mama Bupe,” mratibu alimwambia Subilaga kwenye simu, akacheka. Hezron Mlelwa alikuwa makao makuu ya mpango, na walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu mitambo ile ilipofungwa chuoni. “Yaani alimwambia abaki? Siku zote hizo? Huyo baba ni kiboko.”

“Nicheke na mimi?”

“Cheka kidogo, halafu piga kengele. Kesho asubuhi unapokea kundi jipya, si ndiyo? Nsia ndiye mtihani wao wa mwisho. Tunampima mwalimu anavyomvumilia mtoto asiyeelewa. Sauti yake, uso wake, anasubiri kwa muda gani, anatumia maneno gani. Walimu wote wa nyanda hizi wamepimwa na mtoto huyo huyo. Akibadilika, kipimo kimekufa.”

“Na huyu Zabroni nimpe alama gani? Kwenye uvumilivu amefeli vibaya. Lakini mtoto anasoma.”

“Hakuna sehemu ya hilo.”

“Ya nini?”

“Ya mtoto kusoma. Hatukuweka. Tungewekaje, na mtoto mwenyewe hawezi kufika huko?”

Alilisema kwa kawaida tu, kama mtu anayekueleza kwa nini baiskeli haina boneti.

“Mama Bupe, umesahau tulikotoka?” Hezron aliendelea, na sasa hakuwa anacheka. “Umesahau mtoto asiyejua alikuwa anafanywaje? Leo ingia darasa lolote la mwalimu uliyempa cheti. Hakuna fimbo, hakuna tusi, watoto hawatoroki. Hiyo ni kazi yako wewe. Usiivunje kwa ajili ya picha ya mwanga na mzee mmoja mbishi. Na hao wa kesho, shule zao zinasubiri vishikwambi, na kishikwambi hakiendi pasipo na mwalimu mwenye cheti. Unajua.”

Alijua. Fimbo alizijua pia, kwa makalio yake mwenyewe.

“Nitapiga,” alisema. “Kesho kabla hawajaingia.”

“Piga leo.”

“Leo nimechoka, Hezron. Nina mtoto nyumbani.”

*

Mvua ilikuwa imeshika, ile mvua ya Tukuyu isiyo na haraka. Jikoni Subilaga alikuwa akimenya ndizi, na Bupe, binti yake wa pekee, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango kupata mwanga wa mwisho wa jioni, kitabu mapajani, anasoma kwa sauti. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Mama anapika, mtoto anasoma, na mama husema “vizuri” huku anaonja chumvi. Bupe alikuwa darasa la tatu. Alisoma haraka, bila kukwama, kwa sauti tamu inayopanda na kushuka.

Inapanda na kushuka. Kisu kikasimama.

“Rudia hapo, Bupe.”

Bupe akarudia. Sauti ikapanda palepale ilipopanda, ikashuka palepale iliposhuka. Subilaga akajifuta mkono kwenye khanga, lakini ulikuwa bado na utomvu alipoupeleka na kuufunika ukurasa wote.

Bupe hakukatika. Aliendelea kusoma, juu ya mkono wa mama yake, mpaka mwisho wa hadithi.

Subilaga aliondoa mkono polepole. Akaweka kidole katikati ya ukurasa. “Anzia hapa, mwanangu.”

Macho ya Bupe yalishuka. Midomo ikaanza kutikisika bila sauti. Mama yake alijua inafanya nini. Ilikuwa imerudi mwanzo, inashuka na wimbo, inajaribu kufika. Alikuwa ameuona mdomo ule kwa miaka, darasani kwake, dawati la nyuma. Aliutazama akaandika alama za watu wengine.

“Huoni hapo pameandikwa nini?”

“Mwalimu amesema kesho nitaweza,” Bupe alisema, taratibu.

“Alisema lini?”

“Kila siku.” Kisha akaona uso wa mama yake, akaogopa. “Lakini hanipigi, mama. Mwalimu Lusajo ni mzuri. Ananishika hapa begani.”

Subilaga alizima jiko. Akamfunika mtoto mabega kwa kitenge ingawa hakuwa na baridi, akachukua mwavuli.

Mwalimu Lusajo alikaa nyumba za walimu nyuma ya shule, umbali wa kuitana tu. Alikuwa kijana msafi, mpole, shati limenyooshwa hata siku za mvua. Miaka mitatu iliyopita alipita chuoni kwa Subilaga, na tangu hapo alipanda na darasa la kina Bupe, la kwanza mpaka la tatu. Subilaga alifurahi siku aliyosikia binti yake ameangukia mikononi mwake. Aliwaambia hata majirani.

“Karibu, madam. Shikamoo. Ingia, unalowa.”

“Marahaba. Siingii. Lusajo, Bupe hajui kusoma.”

Tabasamu la kijana halikuondoka. Lilishuka kidogo tu, kiasi kinachotakiwa. Subilaga alikijua kiasi hicho. Yeye ndiye aliyemfundisha.

“Ana changamoto kidogo,” Lusajo alisema.

“Unajua tangu lini?”

“Tangu... mapema, madam.”

“Na mimi mama yake, hapa hapa mtaani, tunakutana sokoni, tunakutana kanisani, hukuniambia?”

“Nilijua unajua. Wewe ndiye mtaalamu.” Sasa tabasamu lilikuwa limekufa na chini yake kulikuwa na kijana tu, amechanganyikiwa. “Madam, mimi nimefanya ulivyonifundisha. Mtoto wa nyuma akikwama, nashusha sauti. Nasubiri. Namshika bega. Namwambia kesho utaweza, nasonga mbele na wenzake. Nilipata alama zote. Uliniambia mbele ya watu kwamba hujawahi kuona mtu mwenye subira kama mimi.”

“Na hiyo kesho ikifika?”

Lusajo alimtazama kama anatafuta mtego kwenye swali. “Katika mafunzo haikuwahi kufika, madam. Kengele ilikuwa inalia.”

Subilaga alisimama na mwavuli wake. Alikuja na maneno mengi ya kumwambia kijana huyu, na kila neno aliloligusa liligeuka likamtazama yeye mwenyewe.

“Wako wangapi darasani kwako?” aliuliza mwisho. “Kama Bupe.”

Lusajo aligeuza macho kuelekea shuleni. “Dawati lote la nyuma,” alisema.

*

Asubuhi mvua ilikuwa imekata lakini ukungu umekaa chini, na kundi jipya lilikuwa tayari kwenye korido ya chuo, mabegi miguuni, wengine wanakunywa chai ya chupa. Walitoka Ileje, Kyela, na wengine mbali zaidi. Walimwamkia Subilaga kwa pamoja, kama darasa. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mchanga mgongoni aliuliza kama matokeo yatatoka leo leo, kwa sababu mwalimu mkuu wake kamwambia asirudi mikono mitupu.

“Subirini kidogo,” Subilaga alisema. Alikuwa amemshika Bupe mkono. Jumamosi hakuna shule, na hakutaka kumwacha nyumbani.

Ndani, Zabroni alikuwa amekaa mbele ya kitufe cha kengele kwenye kiti cha plastiki, mikono kifuani, kama mlinzi wa benki. Kwenye skrini ya ukutani alikuwepo Hezron, amechelewa kunyoa.

“Huyo baba analala hapo?” Hezron aliuliza.

“Nimekuja alfajiri,” Zabroni alisema. “Kwetu tunaamka.”

Subilaga alimkalisha Bupe pembeni, akafungua kabati la mitambo kwa ufunguo wake. “Hezron, nina swali. Tangu tuanze, tuliwahi kwenda shuleni tukamuuliza hata mtoto mmoja wa mwalimu tuliyempa cheti, asome?”

“Tulipima utoro. Tulipima hofu. Vyote vimeshuka—”

“Kusoma.”

“Hiyo ni kazi ya mitihani ya taifa, siyo yetu.”

“Binti yangu hajui kusoma,” Subilaga alisema. “Huyu hapa. Ana mwalimu bora kuliko wote niliowahi kuwapitisha. Anamshika bega, anamwambia kesho. Darasa la tatu, Hezron. Mtoto ananisomea kila jioni, na mimi nasema vizuri.”

Bupe alitazama viatu vyake. Zabroni aliangalia pembeni, kumpunguzia mtoto macho.

Hezron aliisogelea kamera. “Pole sana, Mama Bupe. Kwa kweli. Tutaliangalia hilo. Tuunde kamati, tuongeze sehemu, labda mwakani Nsia apewe uwezo wa kufika hata silabi mbili zaidi...”

“Hukunielewa. Tumewafundisha watu hawa kwamba yupo mtoto asiyefundishika, na kazi ya mwalimu mzuri ni kumsikitikia. Hatukulitamka, lakini kila aliyepita humu amelijifunza. Anafundisha, mtoto hajui, anatabasamu, anapata mia. Atajifunza kitu gani kingine?”

“Na mbadala wako ni upi? Turudi kwenye huyu wa kufoka?” Hezron alimwonyesha Zabroni kwa kidevu. “Ukimpa huyu cheti, kesho wataanza na sauti, keshokutwa fimbo. Utalala usingizi?”

Lilikuwa swali la haki, na Subilaga alijua hivyo. Alimtazama Zabroni. “Umewahi kupiga?”

Zabroni alishusha mikono. “Zamani,” alisema. “Nilipiga. Haikusaidia kitu. Sijui madam, mimi si mtu mpole. Lakini siwezi kumwacha.”

“Unaona?” Hezron alisema. “Piga kengele, Subilaga. Watu wanasubiri.”

Watu walikuwa wanasubiri kweli. Kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, mtoto mchanga wa yule mwanamke alianza kulia, na mama yake akawa anamrusharusha mgongoni.

Nakala mama ya watoto wa mwanga ilikuwa mbele yake. Haikuwa kitu cha ajabu, kisanduku kidogo cha kijivu chenye taa moja. Watoto hao walikuwa wameundwa kutokana na sauti na madaftari ya watoto wengi wa kweli wa nyanda hizi. Kwa sheria ya kuwalinda watoto hao, nakala ilikatazwa kunakiliwa au kutolewa nje ya kuta za chuo. Hapakuwa na nyingine popote. Aliyekuwa na ruhusa ya kuifuta alikuwa mkufunzi mkuu, kwa dole gumba lake, ikitokea moto au wizi.

“Unafanya nini hapo?” Hezron aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

“Nafuta.”

“Subilaga. Ukifuta hiyo hakuna kipimo. Vyeti vyote vilivyotoka hapo vitatiliwa shaka.”

“Vitiliwe.”

“Kazi yako itakwenda.”

“Nimeliwaza hilo usiku mzima, usinichoshe nalo tena.”

“Na hao nje? Wanarudi na nini?”

Hapo mkono wake ulisita. Alimfikiria mwanamke wa mtoto mgongoni, shule iliyokuwa ikisubiri vishikwambi, watoto ambao labda wangevipata wiki ijayo na sasa hawatavipata. Lilimuuma, na hakujidanganya kwamba halimuumi. Akamtazama Bupe, ambaye alikuwa bado anatazama viatu.

Akaweka dole gumba. Taa ya kisanduku ikawaka nyekundu, ikazimika.

Hezron alisema kitu kwa mtu aliyekuwa nyuma yake, kisha skrini ikawa nyeusi.

“Ndio imekwisha?” Zabroni aliuliza.

“Sijui. Sasa kengele haina mahali pa kuwarudisha. Nadhani watabaki walivyo. Au watazimika wote, sijawahi kufanya.” Akavaa miwani. “Toka hapo, mwalimu. Hatuwezi kuwaacha wakifagia milele.”

Zabroni alisimama. Akavuta kiti pembeni.

Subilaga akapiga kengele.

Mafagio yalinyamaza. Kisha miguu ikaja, mingi, ikisukumana mlangoni, na darasa likajaa vumbi na kelele na harufu ambayo hakuna mtambo ulioweza kuitoa lakini kila mwalimu aliyeingia humo aliapa kuisikia. Watoto wakakaa. Dawati la nyuma, Nsia alikuwa ameinamisha macho.

Subilaga alitembea mpaka kwake. Alifunua ukurasa ambao mtoto huyu hakuwahi kuufikia na mtu yeyote, akaweka kidole katikati.

Midomo ya Nsia ilitikisika bila sauti.

“Pu...” Nsia alisema. Akakunja uso. “Punda. Punda ame-go... amegoma. Amegoma njiani.” Akacheka peke yake. “Amegoma!”

Subilaga alishika ukingo wa dawati, dawati la kweli, la mbao. Kisha alikwenda mlangoni.

“Walimu, sikilizeni. Leo hakuna cheti. Hata kesho sijui kama kipo. Anayetaka kurudi, arudi, sitamlaumu, na nitamwandikia mwalimu wake mkuu kwamba kosa ni langu. Anayetaka kufundisha, aingie achukue miwani. Kuna watoto humu hawajui hesabu za kutoa, wengine hawajui kuandika majina yao, na safari hii wakijua watabaki wanajua.”

Minong’ono ikapita koridoni. Wawili waliokota mabegi yao. Mwanamke wa mtoto mgongoni alilaani kwa kilugha cha kwao, Kindali, kwa kirefu, kisha akaingia wa kwanza, akachagua miwani kwa hasira.

Subilaga alimshika Bupe mkono, akampeleka mpaka dawati la nyuma, akamvika miwani yake mwenyewe. Ilikuwa kubwa mno, ikamtelezea puani. Yeye sasa hakuona kitu zaidi ya benchi tupu na uso wa mwanawe.

“Mama, kuna mtu hapa,” Bupe alisema.

“Najua. Kaa naye.”

“Anasogea,” Bupe alisema. “Ananipisha.” Akakaa ukingoni, kwa adabu, kama mgeni.

Zabroni alivuta kiti chake cha plastiki, akakaa mbele yao. Akakohoa, akajaribu kushusha sauti, akashindwa.

“Haya nyie wawili,” alisema. “Tunaanzia katikati.”